Kaunta buku moja, sekunde nane

SAUTI YA MLIMANI
Na Rehema Mkude

Mpwa wangu wa darasa la sita alirudi nyumbani juma lililopita macho mekundu. Alikuwa amechapwa na kunyang'anywa kaunta buku la hesabu kwa kosa la kuchora darasani. Mama yake alipolifuata na kulirudisha, niliomba nilitazame. Kwenye kona ya kila karatasi kulikuwa na kinyonga. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, kinyonga anatembea juu ya tawi, anasita, anazungusha jicho, halafu ulimi unachomoka na nzi hayupo tena.

Wazazi wenzangu, ile ni kazi, na ina wenyewe.

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi wa katuni huchora 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Kwa hesabu hiyo, kaunta buku la kwaya mbili, lenye karatasi 96, ni sekunde nane tu. Filamu ya dakika kumi inataka michoro 7,200. Mwongozaji ndiye anayejua kila mmoja unatoka wapi na unakwenda wapi.

Ng'endo Mukii wa Kenya anaujua mzigo huo. Mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London, alitoa Yellow Fever, filamu fupi kuhusu kujichubua na namna wanawake wetu walivyofundishwa kuichukia ngozi yao. Jambo lile analikuta kila aliyewahi kukaa saluni akisukwa. Julai 2023 filamu yake nyingine, Enkai, ilionyeshwa na Disney+ katika mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Afrika. Kutoka ile hadi hii ni miaka 11. Nani kati yetu angemvumilia mwanawe miaka 11 akichora?

Mkusanyiko wenyewe unaitwa Kizazi Moto, Kiswahili kitupu. Waongozaji wametoka Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Tanzania haimo. Na Enkai ni jina la Mungu kwa Wamaasai, hawa hawa tunaopishana nao hapa kwetu Msamvu, wanaochunga Kilosa na Mvomero. Simlaumu Mukii, nampongeza kwa moyo wote. Hadithi huwa ya aliyepata shida ya kuisimulia.

Wapo wetu wanaojituma. Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, ikafuata na Akili and Me. Akili ni mtoto anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na watoto wa hapa mtaani wanaimba naye. Kilimanjaro umepata mtoto wake. Uluguru, mlima wetu, je?

Enkai inasimulia habari za mama, binti yake mwenye uwezo wa kuumba, na dunia inayochoshwa na binadamu. Bibi yeyote wa Kinole au Matombo, huku Uluguru, angeisikia akadhani inasemwa habari ya kwao. Mluguru huhesabu ukoo kwa mama, na shamba hufuata ukoo. Maji ya mlima huu hushuka Ruvu yakawanywesha watu wa Dar es Salaam, huku msitu ukizidi kurudi nyuma kuelekea kileleni. Mama, binti, mlima na maji: hadithi ipo tayari, inasubiri mkono.

Basi walimu, mkikuta kinyonga kwenye daftari, ulizeni kwanza anakwenda wapi. Somo la hesabu lina wakati wake, na mtoto aelekezwe hivyo, lakini mchoro usiliwe kiboko. Wenye vituo vya televisheni, nunueni katuni za nyumbani kwa bei itakayomlisha mchoraji na wanawe, maana miaka 11 haiendi kwa makofi. Na sisi wazazi tuache kuuliza "utakula nini" kabla mtoto hajamaliza sekunde yake ya kwanza.

Jumamosi nilimnunulia mpwa wangu rimu ya karatasi, nikampandisha Kinole kwa bibi yake. Jioni nilimkuta jikoni, mgongo kwenye ukuta, bibi anasimulia huku akichochea moto, naye penseli mkononi. Rimu ina karatasi 500. Ni sekunde 41 na ushei. Alikuwa keshamaliza mbili.