Sanduku lina kufuli tatu, kompyuta ina ngapi?

Juma lililopita tuliongea juu ya kuhifadhi maharagi ili wadudu wasiyamalize. Juma hili tunaongea tena juu ya kuhifadhi, lakini ni kitu ambacho haushiki kwa mkono: vitabu vyetu, pointi za watoto na picha za familia zilizo ndani ya kompyuta.

Ilitupata siku ya tatu jioni. Tulikuwa tunaingiza pointi za wanafunzi 58 ili biltene ziwe tayari kabla ya Noeli. Ghafula kioo kikageuka buluu na maandishi meupe, halafu mashini ikajizima na kujiwasha yenyewe. Tukasema ni umeme tu. Tukaanza tena, ikazimika tena. Mara ya nne haikufika hata pale inapoomba neno la siri. Inaanza, inazunguka, inakufa.

Pointi tungeweza kuziandika upya, kwa sababu karatasi za mtihani zilikuwa bado chini ya kitanda. Kilichotutoa usingizi ni kitu kingine. Ndani ya mashini ile mulikuwa kitabu cha AVEC yetu: wamama 25, parti za kila mmoja, mikopo, faida, na mfuko wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na kilio. Mgao ulikuwa unabakiza majuma matatu. Daftari la zamani lilikuwepo, lakini mstari wake wa mwisho ulikuwa wa mwezi wa sita. Toka tulipoanza kuandika kwa kompyuta, tulilisahau juu ya kabati.

Habari ikatembea mbio. Asubuhi mama mmoja alitungoja mbele ya mlango wa shule, akatuuliza kwa sauti ndogo: "Madamu, mimi nilishalipa nusu ya deni langu. Sasa nani ataonyesha?" Tulikosa jibu. Pesa zilikuwa salama ndani ya sanduku, na funguo tatu zilikuwa kwa wamama watatu, kama kanuni inavyosema. Lakini pesa bila kitabu ni ugomvi unaongoja siku yake.

Tulipeleka mashini kwa fundi mmoja. Aliiwasha mara moja, akasema: "Tutaifomati, kesho itakuwa kama mpya." Hapo ndipo tunaomba kila mama asikilize vizuri. Kufomati ni kama mtu kuchukua daftari lako, kufuta kila ukurasa, na kukurudishia jalada safi. Mashini itapona, vitabu vitakufa. Fundi hakudanganya, kwani kazi yake ni kutengeneza mashini. Sisi ndio tulipaswa kumwambia kwamba tulichotaka si mashini.

Nyumba ikiwaka moto, mtu anatoa mtoto kwanza, halafu ndipo anafikiri juu ya mabati. Kompyuta ni vilevile: okoa faili kwanza, tengeneza mashini baadaye. Ukigeuza mpango huo, unaweza kukosa vyote viwili.

Tuliirudisha nyumbani, tukamwita kijana mmoja aliyesomaga kwetu na ambaye sasa anafanya kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi. Tunawaeleza namna tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili siku yenu ikifika musihangaike.

Kwanza, tuliacha kuiwasha ovyo. Diski ikianza kuharibika, kila kuwasha kunaweza kuongeza kidonda. Tulitega sikio karibu na mashini. Ukisikia tk, tk, tk, kama msumari unaogonga bati, zima mara moja na usijaribu tena. Hiyo ni diski inayoumia ndani, na inaomba fundi wa kuokoa data, si wa kufomati. Yetu haikugonga, ilikuwa nzito tu. Tukapata tumaini.

Pili, tulitafuta kama sababu ni umeme ao joto. Hapa kwetu wengi tunatumia plake ya jua, batri na konvertiseri. Konvertiseri ndogo ikichoka, umeme unapanda na kushuka, na mashini inazimika bila kosa lake. Kwa hiyo tuliichomoa, tukaipeleka kwa jirani mwenye jenereta nzuri, tukajaribu na chaja nyingine ya nguvu sawasawa. Ikazimika tena. Basi si umeme. Halafu tukaangalia joto. Kompyuta inayozimika nyuma ya dakika kumi ao ishirini, na chini yake panachoma, mara nyingi imejaa vumbi kwenye vantilateri. Vumbi letu la barabara munalijua. Yetu ilikuwa inakufa hata ikiwa baridi. Basi si joto.

Tatu, tuliangalia vibao vya kumbukumbu. Tulizima, tukachomoa chaja na batri, tukafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo. Tulitoa vibao hivyo, tukavipangusa kwa kitambaa kikavu, tukavirudisha mpaka vilipolia "tak". Kuna mashini zinazopona kwa kitu hiki peke yake, bila kulipa hata franka moja. Yetu haikupona. Ikabaki kufikiri kwamba ni diski, ao Windows yenyewe iliyo juu ya diski.

Nne, na hii ndiyo hatua iliyotuokoa: tuliwasha mashini bila kutumia Windows. Kijana alikuja na flashi ya giga 8 yenye Ubuntu. Ubuntu ni programu ya bure inayofanya kazi ya Windows. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004. Jina lake linatoka katika lugha za huko, na maana yake ni utu. Faida yake kwetu ni kwamba inaweza kuamka ikiwa ndani ya flashi, bila kugusa Windows iliyolala kwa ugonjwa. Flashi ya namna hiyo inatayarishwa kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Inakula mega nyingi za intaneti, kwa hiyo ni vizuri kartie moja iwe na moja ya kuazimana.

Tuliingiza flashi, tukawasha huku tukifinya F12. Kwa mashini nyingine ni F9 ao Esc. Ikatokea orodha, tukachagua flashi. Halafu ikauliza kama tunataka "Essayer" ao "Installer". Hapo wamama, muwe na macho! Chagueni "Essayer", yaani kujaribu. Mukichagua "Installer", munaweza kujenga nyumba mpya juu ya kaburi la vitabu vyenu.

Kioo kikawaka. Tukafungua diski yetu, na tukaona folda zote zikiwa na majina yake. Mtu mmoja alipiga vigelegele, hatutamtaja.

Kijana akatufundisha kitu: musichukue vyote kwa mara moja. Diski inayougua inaweza kukata pumzi katikati. Anzeni na vile vidogo visivyoweza kupatikana tena. Basi tulinakili kitabu cha AVEC kwanza, ambacho ni faili moja tu, na kilipita kwa kufumba jicho. Halafu pointi, halafu barua na vyeti, halafu picha. Muziki na filamu tuliziacha mwisho, hizo mtu anapata hata kwa soko. Vyote tuliviweka kwenye flashi nyingine iliyo safi, si ile ya Ubuntu.

Kazi ilichukua saa tatu. Hatukupata vyote, na hatutaki kuwaficha. Folda moja ilikataa. Mulikuwa sauti ya nyanya yetu akihadithia hadithi za Kinande, tuliyoirekodi kwa simu na kuihamisha ndani ya kompyuta, kisha tukaifuta kwa simu ili kupata nafasi. Nyanya ameisha kulala. Sauti ile ilikuwa pahali pamoja tu, na pahali hapo pameharibika. Diski hatukuitupa. Tuliifunga ndani ya kitambaa, labda siku moja tutapata pesa ya kuipeleka kwa wenye vyombo vikubwa.

Baada ya kuokoa ndipo tulitengeneza. Tulinunua diski mpya ya aina ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani na haiogopi sana mitikisiko ya pikipiki. Fundi yule yule akaingiza Windows mpya, na safari hii tulimwacha afomati kwa roho yake yote.

Kuna ugonjwa mwingine unaotisha wamama bure. Unaingiza flashi kwenye mashini ya kuchapia, unarudi nyumbani, unaona folda zako zimegeuka kuwa alama zenye mshale mdogo, na haziko sawa tena. Wengi wanasema virusi imekula kila kitu, wanafomati flashi. Mara nyingi faili ziko, zimefichwa tu. Usifinye ile mishale, kwani ndiyo mlango wa virusi. Fungua dirisha jeusi la amri, lile linaloitwa cmd, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na uweke herufi ya flashi yako pahali pa E. Faili zitaonekana tena. Zinakili kwenye mashini yenye antivirusi, kisha ndipo ufomati flashi.

Na kama wewe mwenyewe umefuta picha kwa bahati mbaya, usiandike kitu kingine juu ya flashi ao diski hiyo. Mara nyingi kilichofutwa hakiondoki mara moja, kinangoja kufunikwa na kipya. Kuna programu ya bure inayoitwa PhotoRec inayoweza kukitafuta.

Sasa turudi kwa sanduku letu. Kwa nini AVEC inaweka kufuli tatu? Si kwamba wamama ni wezi. Ni kwa sababu mtu mmoja anaweza kuugua, kusafiri, kukimbia usiku, ao kukosea. Tulikubali kanuni hiyo kwa pesa, halafu kitabu cha pesa hizo tukakiweka ndani ya mashini moja ya okazio. Wazee wanasema akiba haiozi. Tumejifunza kwamba iliyo ndani ya diski moja inaoza.

Hata wakubwa wanakosea namna hiyo. Mwaka 1998, kule Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya watoto, Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta, na filamu ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yao. Walipotafuta nakala ya akiba, wakakuta haikuwa inafanya kazi sawasawa. Aliyewaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman. Alikuwa amejifungua, na kwa sababu ya mtoto alikuwa anafanya kazi nyumbani, kwa hiyo alikuwa na nakala ndani ya kompyuta ya nyumba. Waliifunga kwa mablanketi, wakaileta polepole kwa gari. Filamu ilitoka mwaka 1999. Nakala ya nyumbani kwa mzazi iliokoa kazi ya kampuni nzima.

Basi sisi tumeamua hivi. Kitabu cha AVEC kitakuwa pahali patatu: ndani ya kompyuta, ndani ya flashi inayolala kwa nyumba nyingine, na juu ya karatasi ndani ya sanduku lenyewe. Kila mkutano ukiisha, kabla ya kufunga kufuli, mwandishi anajaza daftari, na flashi inajazwa siku hiyo hiyo. Faili ina neno la siri linalojulikana na wamama watatu, kwa sababu deni la mtu si habari ya soko. Na flashi hiyo haiingii kwenye mashini ya kuchapia ya barabarani.

Kwa nyumba zenu fanyeni vilevile na picha, vyeti vya kuzaliwa, diploma na karatasi za shamba. Piga picha, weka pahali pawili zaidi ya pale ziliko. Hapa kwetu munajua kwamba mtu anaweza kuondoka usiku na mtoto mgongoni bila kugeuka nyuma. Kompyuta haibebeki, lakini flashi inaenea ndani ya fundo la kitenge.

Yule mama wa mlangoni tulimwonyesha mstari wake siku ya posho, mbele ya wote: nusu imelipwa, tarehe iko, kiasi kiko. Alisoma mwenyewe, akitembeza kidole. Halafu akasema: "Muandike na kwa daftari." Tuliandika pale pale.

Siku ya posho inayokuja, mwenye flashi tupu ailete kwa mkutano. Kijana wetu atakuja na ile ya Ubuntu, na tutafundishana kunakili kabla ya kuhesabu parti.