Eti "Ulikuwa Utani Tu"

Kila nikigusia vichekesho vya redio vya Marekani vya enzi zile, lazima atokee mtu wa kuniambia nisihukumu ya kale kwa macho ya leo. Haya. Basi tutumie masikio ya wakati ule ule.

Amos 'n' Andy kilianza Chicago mwaka 1928. Dakika 15, karibu kila jioni, kisa cha Weusi wawili waliotoka Kusini kwenda mjini kutafuta maisha. Sauti zilikuwa za Freeman Gosden na Charles Correll, Wazungu, na ndio hao hao walioandika. Kilipendwa hadi kumbi za sinema zikawa zinasimamisha picha ili watu wasikilize. Mwaka 1931, kikiwa kileleni, gazeti la Weusi, Pittsburgh Courier, likaanza kutafuta saini milioni moja za kukipinga. 1931, jamani! Hayo macho ya leo yako wapi hapo? Waliokasirika walikuwepo, ila kipaza sauti hakikuwa mikononi mwao.

Nakubali, wale jamaa kazi waliijua. Watu wawili tu, kwa kubadili sauti, walijaza mtaa mzima, na hadithi waliikata pale pale roho inapokuwa juu, ili kesho urudi. Ndiyo maana nawaogopa. Jukwaani ukiona masizi usoni unajua ni mchezo. Redioni masizi yanapakwa kwenye sauti, na msikilizaji asiye na hata jirani mmoja Mweusi anaamini amemsikia Mweusi akiongea.

Hapo huletewa Rochester wa Jack Benny, eti ushahidi kwamba mambo yalikuwa shwari. Eddie Anderson, Mweusi kweli kweli, aliingia 1937 kuigiza mhudumu wa treni, akapendwa, akabaki kama mtumishi wa Benny. Nami nampenda, na ile sauti yake ya kukwaruza inayomsuta bosi bahili. Lakini miaka ya mwanzo walimbebesha utani wa kamari na pombe. Baada ya vita wakaupunguza, na watu wakaendelea kucheka vile vile. Kumbe haukuwa na ulazima! Kichekesho cha Benny kinachokumbukwa zaidi, cha 1948, hakimgusi mnyonge yeyote: jambazi anamtaka atoe pesa au roho, naye ananyamaza. Kimya, redioni, hadi watu wanaangua kicheko. Anayechekwa ni Benny mwenyewe na ubahili wake.

Sitaki kanda za Amos 'n' Andy zichomwe. Zisikilizwe, hasa na sisi tunaojifunza kuandika mazungumzo. Ninachokikataa ni hilo neno "tu". Na tusijifanye ni mambo ya Wamarekani, maana mchekeshaji wetu akiiga lafudhi ya kabila fulani, akamfanya mlinzi wa geti mjinga, tunashika mbavu. Mlinzi mwenyewe yuko pale nje, redio ndogo sikioni, stesheni ile ile.