Neno la Mhariri: Tuhifadhi Nyumba Pamoja na Ufundi Wake

Mwaka 1896, National Trust, shirika la uhifadhi la Uingereza lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, lilinunua jengo lake la kwanza. Halikuanza na kasri wala ngome. Lililipa pauni 10 kwa nyumba ya miti, udongo na nyasi katika kijiji cha Alfriston, Sussex, iliyokuwa imegeuka gofu na kunusurika kubomolewa. Octavia Hill, mmoja wa waasisi watatu wa shirika hilo, aliipigania kwa moyo wote.

Nyumba hiyo, Alfriston Clergy House, ni ya karne ya 14. Kiunzi chake ni cha mwaloni: nguzo na boriti zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, zikakazwa kwa vigingi vya mti. Baina ya nguzo, mafundi wa nyumba za aina hii walisuka fito na kuzikandika udongo. Ukumbi hauna dari. Uko wazi hadi kwenye kenchi, maana moto uliwashwa sakafuni na moshi ukajitafutia njia juu. Kwa mtindo wa eneo la Weald, vyumba vya ghorofani pembeni huchomoza mbele ya ukuta wa chini, na paa moja hufunika vyote. Sakafu ni chaki iliyoshindiliwa na kunyweshwa maziwa yaliyochacha ili ishikane.

Nyasi huoza, udongo hupasuka. Nyumba kama hii hudumu karne kwa karne pale tu kila kizazi kinapopata watu wajuao kuezeka, kukandika na kuchonga. Wapo wasemao kwamba jengo lililoezekwa upya mara nyingi si la kale tena. Hatukubaliani nao: ukale wake umo pia katika namna ya kuezeka inayorithishwa. Hata Kasubi, Uganda, moto ulipoteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba ya nyasi yenye makaburi ya wafalme wa Buganda, mwaka 2010, kuezeka upya kulihitaji ujuzi wa ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kazi hiyo tangu zamani.

Ndiyo maana toleo hili linawapa nafasi ya kwanza waezekaji na maseremala. Msimamo wetu ni huu: katika fedha yoyote inayotolewa kwa ajili ya nyumba ya kale, itengwe pia posho ya kijana anayejifunza kuitengeneza. Kuiweka nyumba kwenye orodha ya urithi huku fundi wake akizeeka bila mwanafunzi ni kuahirisha kuanguka kwake.