Klachi Haimfanyi Mtu Dereva

"Huyo ni abiria aliyeshika usukani." Ndivyo anavyosemwa, kwenye vikao vya harusi na vijiwe vya kahawa, kila kijana aliyejifunza udereva kwa gari la otomatiki. Juzi kauli hiyo ilitoka tena jijini Dar es Salaam, safari hii kinywani mwa mwalimu wa udereva, mbele ya wanafunzi waliomlipa awafundishe. Wanafunzi wakacheka. Hapakuwa na cha kuchekesha.

Imani yenyewe ni kwamba anayejua klachi anajua gari, na aliyefaulu mtihani kwa gari la gia anaweza kukabidhiwa gari lolote. Imani hiyo ni potofu, na hatari yake inaongezeka kila meli ya magari inapotia nanga Mombasa na Dar es Salaam.

Tazama kinachoshushwa humo. Vitz, Passo, Noah, Fielder, Prius: magari yaliyotumika Japani, karibu yote ya otomatiki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo yanayoingia huko ni ya miaka ya karibuni. Toyota ilianza mwaka 2015 kuyawekea magari yake ya kawaida mfumo unaotambua kizuizi mbele na kufunga breki wenyewe. Subaru ilitangulia mwaka 2008 kwa mfumo wake wa EyeSight. Magari hayo si habari za Ulaya tena, yameegeshwa Kariakoo na Eastleigh. Mwanafunzi naye anafundishwa kwenye gari kuukuu lisilo na hata kimoja cha vitu hivyo. Anapimwa kama anaweza kubalansi klachi mlimani bila gari kuzima, anapewa leseni, na kesho yake anaingia kwenye mashine ambayo hakuna aliyemweleza inafanya nini.

Chukua breki peke yake. Wapo walimu ambao hadi leo wanafundisha kupampu breki: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Ushauri huo ulifaa kwa gari ambalo magurudumu yake hukaza na kuserereka. ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukaza), ambayo Mercedes-Benz iliiweka kwenye S-Class mwaka 1978, hufanya kazi hiyo yenyewe, kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoiweza. Dereva wa gari lenye ABS anatakiwa akanyage kwa nguvu zote na asiachie. Anapofanya hivyo, pedali hutetemeka na kunguruma chini ya mguu. Ambaye hakuambiwa hudhani breki zimeharibika, anaondoa mguu, na mita chache zilizobaki kati yake na mtoto anayevuka zinaisha. Nani alimzoesha kuondoa mguu? Mwalimu yuleyule anayejivunia klachi.

Au chukua kamera ya nyuma. Inaonyesha kilicho nyuma ya bampa, lakini bodaboda anayekuja kasi kutoka pembeni anaweza asionekane mpaka amefika. Kengele ya kuhama njia husoma mistari iliyopakwa barabarani. Pale mistari ilipofutika, na ni pengi, hukaa kimya. Kwenye Prius kuna herufi B kando ya D, iliyowekwa ili gari lijizuie lenyewe kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga. Ni wangapi wanaoiendesha waliowahi kuelezwa hivyo? Maonyo kwenye dashibodi ni ya Kijapani, na kitabu cha maelekezo, kama kipo, ni cha Kijapani pia. Serikali hukusanya ushuru wa gari hilo bila kumdai mwagizaji hata ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Wanaosema teknolojia itamlinda dereva mbovu nao wamekosea. Mjini Munich, miaka ya 1980, teksi zenye ABS zililinganishwa na zisizo nayo. Ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu waliokuwa na breki bora waliendesha kwa ubabe zaidi. Kinachotakiwa kupimwa ni akili ya dereva mbele ya mashine.

Na mabingwa wa gia? Waende Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Kwa miaka mingi madereva wa malori wamelaumiwa kwa kushuka mteremko ule wakiwa wameweka fri ili kubana mafuta. Hao ni watu wanaojua gia kuliko mwalimu yeyote wa mjini, na ujuzi huo haukuwaokoa wala kuwaokoa waliokuwa mbele yao. Duniani kote, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hakuna anayekufa kwa sababu gari limezima kwenye mataa.

Utetezi uliobaki ni ule wa mgonjwa kijijini: usiku wa manane, gari pekee lililopo ni la gia, itakuwaje? Kwa hoja hiyo kila mtahiniwa afundishwe pia trekta na mtumbwi, maana mgonjwa anaweza kuugua shambani au kisiwani. Mtihani wa taifa zima hautungwi kwa ajili ya usiku mmoja wa kufikirika.

Ujerumani imelimaliza suala hili. Tangu Aprili 2021 mtu anaweza kufanya mtihani kwa otomatiki na bado akaruhusiwa gari la gia, mradi amepata masomo yasiyopungua 10 ya gari la gia na shule yake imempima. Uingereza iliingiza kifaa cha kuonyesha njia kwenye mtihani wake Desemba 2017. Mtahiniwa akipotea njia hapotezi alama. Anapimwa kama aliendesha salama huku kifaa kikimsemesha. Kenya, kwa miaka mingi mtahiniwa amesukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano.

NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, na kikosi cha usalama barabarani cha Tanzania waanze na breki. Mtahini amtake mtahiniwa akanyage mpaka ABS itetemeke, kwenye uwanja mtupu, kabla hajatia saini. Shule isiyo na gari lenye mfumo huo isipewe kibali cha kufundisha.