Somo lisiishie ubaoni

Walimu wa sekondari katika vijiji kama Robanda, wilayani Serengeti, wapunguze kunakilisha na waongeze kuuliza na kujadili. Mtaala wa kujenga umahiri, unaodai hivyo, umekuwapo tangu 2005.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, na pengine nyumbani huzungumza Kiikoma, anafika kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anayenyamaza si mvivu. Ajadili kwanza kwa Kiswahili katika kundi dogo, kisha aandike kwa Kiingereza.

Mifano ya kujadili nayo iko mlangoni: nyumbu wanaohama, tembo wanaovamia mashamba.

Wenye dhamana watoe mafunzo kazini na vitabu, na wathibiti ubora wa shule wapime ushiriki wa wanafunzi, si unene wa madaftari.