Omba Jani, Ukuze, Ugawe

Pita popote wanapouza maua kando ya barabara, Dar es Salaam au Nairobi, huukosi mmea huu: matawi yamesimama wima, majani manene ya kijani kilichokolea yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wauzaji huuita ZZ, kifupi cha jina lake la kitaalamu, Zamioculcas zamiifolia. Wanunuzi wengi hudhani ni mmea wa Ulaya. La hasha. Kwao ni misitu na vichaka vya Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwamo, kuelekea kusini hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Kitalu cha Loddiges cha London kilichapisha maelezo yake mwaka 1829, lakini biashara yake kubwa ilianza miaka ya 1990, Waholanzi walipouzalisha kwa wingi. Leo umejaa maofisini duniani kote, na wengine wetu tunaununua kwa bei ya mgeni ilhali ni mwenyeji.

Ombi langu ni hili: usiukimbilie dukani, wala usiung'oe msituni. Muombe jirani jani moja.

Jani moja linatosha kweli. Chuma moja ya yale madogo yaliyopangana kwenye tawi, liache siku moja likauke jeraha, kisha lichomeke kitako chake katika mchanga uliochanganywa na mboji. Lowesha kidogo tu. Baada ya miezi kadhaa kitako kitavimba na kufanya kiazi, na mizizi itatoka hapo. Chipukizi huchelewa, pengine utasubiri karibu mwaka. Jani likinyauka kabla ya hapo usilitupe, kwani uhai umeshahamia chini.

Ukishakua, mmea huu haudai mengi. Umezoea kwao msimu wa kiangazi, ndiyo maana huweka akiba ya maji katika viazi vyake. Mwagilia udongo ukishakauka hadi chini. Mara nyingi wiki mbili au tatu hupita bila neno. Kinachouua ni mapenzi ya kila asubuhi na kikombe cha maji, maana viazi huoza. Uweke karibu na dirisha, mbali na jua kali la mchana, na ufute majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Chombo si lazima kiwe chungu cha kununua. Ndoo iliyovunjika mkono au kopo la rangi lililooshwa vizuri vinafaa, mradi utoboe matundu chini.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa ajili ya wenzetu. La kwanza, ZZ ni wa ukoo mmoja na magimbi, na kama gimbi bichi, utomvu wake huwasha mdomo na koo. Uweke watoto wadogo wasikoufikia, na unawe mikono baada ya kuukata. La pili, mwaga maji yanayobaki kwenye kisahani. Mbu wa dengue hutaga humo humo, na Dar es Salaam iliyopata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019 haihitaji mazalia mengine.

Sasa tugawane. Walimu, jambo hili ni somo la sayansi lisilo na gharama: kila mwanafunzi jani lake, kopo lake, na daftari la kuandika lini kiazi kimeonekana. Wenzangu wa maofisini, kuna korido na vyumba vya kusubiria visivyo na mwanga wa kutosha maua mengine, na ZZ huvumilia. Mnaosimamia zahanati na ofisi za mitaa, kubalini msaada wa wakazi wanaoleta chungu kimoja. Na wauza maua, kuzeni kwa majani. Mnunuzi naye aulize mmea umetoka wapi. Misitu yetu ya pwani imebaki vipande vipande, na kila kiazi kinachochimbwa humo kwa ajili ya soko ni pengo.

Kwa hiyo wiki hii omba jani moja, uchomeke, uandike tarehe ubavuni mwa kopo. Mmea ukikomaa, chuma majani matatu umpe mtu ambaye hana, na umpe kwa sharti moja: naye agawe.