Ulemavu wa akili: Viwanja vipo, nani awafikishe?

Mtaa wa Lozells, kaskazini magharibi mwa kitovu cha jiji la Birmingham nchini Uingereza, umepakana na viwanja vya fahari. Upande wa mashariki, kwa mwendo wa miguu usiozidi nusu saa, upo Villa Park, uwanja wa klabu ya Aston Villa. Kaskazini, katika eneo la Perry Barr, upo uwanja wa Alexander, ambao ulikarabatiwa kwa pauni milioni 72 ili kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022.

Lakini kwa kijana wa Lozells mwenye ulemavu wa akili, umbali haupimwi kwa maili. Swali lake ni jingine: nani atamfikisha uwanjani, nani atabaki naye, na je, mpango anaoutegemea mwaka huu utakuwapo mwaka ujao?

Swali hilo linawahusu pia Waafrika Mashariki. Birmingham ni makao ya jamii kubwa ya Wasomali, na wapo vilevile wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Wengi wao wamelea watoto mbali na shangazi, bibi na majirani ambao kule nyumbani wangewasaidia mzigo huo bila kuulizwa.

Mtaa wenye historia

Kwa wengi nchini Uingereza, jina la Lozells linakumbusha ghasia. Septemba 1985 watu wawili walikufa ndani ya ofisi ya posta iliyochomwa moto katika barabara ya Lozells. Oktoba 2005 uvumi ambao haukuthibitishwa ulizua mapambano kati ya vijana wenye asili ya Karibiani na wenye asili ya Asia Kusini, na maisha yakapotea.

Historia nyingine ya mtaa huo haitajwi sana. Klabu ya Aston Villa yenyewe ilizaliwa mwaka 1874 kutoka kanisa la Kimethodisti la Villa Cross, mpakani mwa Handsworth na Lozells. Waanzilishi wake walikuwa wacheza kriketi waliotaka shughuli ya kuwaweka pamoja wakati wa baridi. Kwa maneno mengine, klabu hiyo tajiri ilianza kama mpango wa michezo wa jamii, bila kiingilio na bila mdhamini.

Leo asasi ya hisani ya klabu hiyo, Aston Villa Foundation, ina mpango wa kandanda kwa watu wenye ulemavu. Na katika eneo hilohilo la Lozells, shule ya Mayfield, inayofundisha watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, imejengwa kiwanja kimoja na shule ya sekondari ya Holte na shule ya msingi ya Lozells. Watoto wa aina zote hupita lango moja. Ni jambo ambalo katika miji mingi ya dunia bado ni ndoto.

Baada ya kengele ya mwisho

Tatizo huanza lango hilo linapofungwa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014 inayohusu watoto na familia, kijana mwenye mahitaji maalumu nchini England anaweza kuwa na mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo hadi umri wa miaka 25, iwapo bado yumo katika masomo au mafunzo. Shuleni ana ratiba, basi na mwalimu wa michezo. Akishatoka, vyote hivyo huondoka kwa pamoja.

Anayebaki ni mzazi, ambaye naye anazeeka. Kijana aliyekuwa akikimbia mara tatu kwa wiki hujikuta sebuleni mbele ya televisheni. Uzito unaongezeka, marafiki wanapungua, na daktari anaanza kutaja kisukari na moyo.

Hili si suala la burudani tu. Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya watu wenye ulemavu wa akili nchini England, unaojulikana kwa kifupi kama LeDeR, umeonyesha kwamba watu hao hufa takribani miaka 20 mapema kuliko wananchi wengine, na kwamba karibu vinne kati ya kila vifo kumi vingeweza kuepukika. Mazoezi peke yake hayatafuta pengo hilo. Lakini kocha anayemwona mchezaji wake kila wiki mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba anachechemea, amekonda au haoni vizuri.

Ndiyo maana shirika la Special Olympics, lililoanza Chicago mwaka 1968 kwa juhudi za Eunice Kennedy Shriver, lilianzisha mwaka 1997 utaratibu wa kuwapima wanamichezo macho, masikio na meno bila malipo. Wengi hugunduliwa na maradhi ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyaeleza.

Hazina ya jiji

Tarehe 5 Septemba 2023, mwaka mmoja tu baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, baraza la jiji la Birmingham lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kusawazisha hesabu zake. Madai ya wafanyakazi wanawake kuhusu usawa wa mishahara na mfumo wa kompyuta ulioshindwa yalitajwa miongoni mwa sababu. Machi 2024 baraza likapitisha mpango wa kubana matumizi kwa takribani pauni milioni 300 katika miaka miwili, huku kodi ya baraza ikipanda kwa karibu asilimia kumi. Baadhi ya vituo ambako watu wazima wenye ulemavu walikuwa wakishinda mchana vilikumbwa na panga hilo.

Bajeti ya umma iliyotengwa kwa michezo ya 2022 ilikuwa pauni milioni 778. Haitakuwa haki kusema kwamba fedha hizo zilitupwa. Katika michezo hiyo waogeleaji wenye ulemavu wa akili walishindana katika mita 200 mtindo huru, na dunia ikawaona. Hata hivyo uwanja hujengwa mara moja, ilhali kocha hulipwa kila mwezi. Serikali nyingi hupenda kukata utepe wa uwanja kuliko kusaini hundi ya kocha.

Kivuli cha Sydney

Imani ya umma nayo iliwahi kuvunjwa. Katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili. Baadaye ilibainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Adhabu iliwaangukia wasio na hatia: wanamichezo wenye ulemavu wa akili walifungiwa mashindano ya Athens 2004 na Beijing 2008, wakarejeshwa London 2012 katika riadha, kuogelea na mpira wa meza pekee.

Fundisho lake ni kwamba njia ya medali ni nyembamba, na wachache sana ndio wataipita. Special Olympics hufuata njia tofauti. Washindani hupangwa katika makundi ya watu wenye uwezo unaokaribiana, ili hata aliye mwepesi kuchoka awe na nafasi ya kweli ya kushinda. Kwa Lozells, njia hii ya pili ndiyo inayowagusa wengi.

Neno na aibu

Kikwazo kingine kimo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina maneno kama taahira, punguani na zezeta, ambayo hutumika kama matusi. "Mtindio wa ubongo" pia hutumiwa kwa hali inayoathiri viungo na misuli. Wapo wanaochanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili, ilhali ulemavu wa akili si maradhi ya kutibiwa yakaisha. Ni hali ambayo mtu huishi nayo tangu utotoni.

Mkanganyiko huo husafiri na wahamiaji. Familia inayoamini kwamba mtoto amerogwa, au inayohofia kwamba dada zake hawataposwa, haitamtoa nje avae bukta mbele ya watu. Mkufunzi wa Kiingereza anayebandika tangazo ukutani hataifikia familia hiyo. Atakayeifikia ni imamu, mchungaji, au mama mwenzao aliyekwisha kumpeleka wake.

Afrika Mashariki

Nchi za Afrika Mashariki hazina sababu ya kuitazama Birmingham kwa wivu mtupu. Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, zikiitangulia Uingereza, iliyoridhia mwaka 2009 sawa na Tanzania. Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi haki ya kushiriki michezo. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina matawi ya Special Olympics, na mwaka 2023 dunia nzima ilikutana Berlin kwa mashindano ya shirika hilo.

Lakini kati ya kijiji na Berlin kuna pengo lilelile la Lozells: mtoto mwenye bahati hucheza akiwa shuleni, kisha hurudi nyumbani na mlango unafungwa.

Haki isiyojulikana

Kwa walioko England kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inalitaka baraza, linapopima mahitaji ya mtu mzima, kuzingatia kama anaweza kutumia huduma za burudani na michezo katika eneo lake. Akistahili, anaweza kupewa fedha za kumwajiri mtu wa kumsindikiza. Mwenye ulemavu mkubwa wa akili anaweza kupata pasi ya basi ya bure, na kuanzia umri wa miaka 14, akiwa ameorodheshwa kwa daktari wake, hustahili kupimwa afya kila mwaka. Baraza lililofilisika bado linafungwa na sheria hiyo.

Haki isiyodaiwa, hata hivyo, haimfuati mtu nyumbani. Mzazi asiyejua Kiingereza cha ofisini huondoka na fomu mkononi na asirudi tena. Kwa hiyo jumuiya za Waafrika Mashariki, ambazo hukusanya michango ya harusi na misiba kwa siku chache tu, zinakabiliwa na swali. Je, zinaweza pia kumtafuta mtu mmoja wa kujaza fomu hizo, na mwingine wa kumpandisha kijana basi kila Jumamosi?

Waliokutana Villa Cross mwaka 1874 hawakuwa na zaidi ya hayo.